Vitabu Vilivyotoka Kizuizini, na Daftari Lako

Wengi mliomba haya maneno yaandikwe ili wa Nanyuki, Karatina na Embu ambao hawakufika Nyeri wayapate. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema.

Niliombwa niongee kuhusu vitabu ambavyo kijana lazima avisome. Nikaambiwa nitaje kumi. Sitafika kumi, maana kumi hamtasoma, tusidanganyane. Afadhali utoke hapa na kimoja utakachokimaliza.

Na sitaongea kuhusu vile vitabu vinavyopangwa chini karibu na steji, vya kuwa tajiri kabla hujafika miaka thelathini. Sina ubaya navyo. Nimesoma kadhaa na sikumbuki hata kimoja. Ukimaliza unasikia moto kwa siku mbili, halafu kodi ya nyumba inafika. Nilipoketi kujiuliza ni vitabu gani vimekataa kutoka kichwani mwangu, niligundua kwamba karibu vyote viliandikwa na watu waliofungwa, na kadhaa kati yao ni watu wa huu mlima wetu. Lakini muulize kijana wa Majengo anamjua nani, atakuambia Kimathi, halafu ananyamaza.

Tuanze Karatina. Kila mtu anaijua Karatina kwa soko. Ni wangapi wanajua kuwa palikuwa na mwandishi na mchapishaji wa vitabu hapo, Gakaara wa Wanjau? Huyu mzee alizaliwa 1921. Alishikwa Oktoba 1952, mkoloni alipotangaza hali ya hatari, katika ile operesheni ya Jock Scott iliyombeba Kenyatta na wenzake. Hakupatikana msituni na bunduki. Alikuwa mtu wa kalamu, na kalamu ndiyo iliyowaudhi. Akawekwa kizuizini miaka mingi, akihamishwa kambi hadi kambi, mpaka kisiwa cha Manda kule Lamu. Na huko ndani akaweka shajara kwa siri.

Shajara hiyo ilikuja kuwa kitabu kwa Gikuyu, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka wa 1984 kikashinda Tuzo ya Noma, tuzo kubwa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Kiko kwa Kiingereza pia, Mau Mau Author in Detention. Lakini kama Gikuyu chako ni kizuri, na najua wengi wenu hapa mnaongea Gikuyu kuliko mnavyoongea Kiarabu, kitafute kwa Gikuyu.

Kwa nini hiki kimenikaa? Kwa sababu aliandika mambo yakiwa bado moto. Hakungoja awe huru, atulie, halafu aanze kukumbuka-kumbuka. Kambi ni gani, siku ni gani, nani ameletwa, nani ameondolewa. Unasoma na unaona mtu ambaye amenyang'anywa kila kitu, lakini bado anashikilia hesabu ya siku zake.

Sasa nikuambie kwa nini hilo linanigusa mimi hasa. Kazi yangu ni kusikiza vijana waliopata shida. Kijana anakuja, anasema alishikwa na polisi bila sababu. Namuuliza, siku gani? "Wiki jana." Saa ngapi? "Jioni hivi." Ulifikishwa kituo gani, ukatoka saa ngapi? "Usiku, sijui." Nambari ya OB? "Hiyo ni nini?" Kesi nyingi zinakufa hapo hapo. Si kwamba kijana anadanganya. Ni kwamba hana kitu mkononi, na wakili hawezi kusimama kortini na "jioni hivi". Gakaara alikuwa na askari mlangoni na karatasi ya kuficha. Wewe una simu mfukoni yenye saa, tarehe na kamera.

Cha pili ni cha J. M. Kariuki, Mau Mau Detainee, kilichotoka 1963. Huyu alizungushwa kambi kumi na nne, kuanzia 1953 hadi 1960. Kitabu chake ni rahisi kusoma, hakina maneno makubwa, na mahali pengine utacheka, jambo ambalo sikulitarajia. Kinachobaki ni zile barua. Kariuki alikuwa anaandika malalamiko kutoka kambini, zinatoroshwa nje, zinafika kwa wakubwa mpaka Uingereza. Anapigwa kwa sababu ya barua. Akipona, anaandika nyingine.

Ukitaka kuelewa kwa nini waliogopa barua, kumbuka Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa kumi na mmoja waliuawa kwa kupigwa huko Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi ndio ulioonyesha kwamba walikuwa wamepigwa. Mtu akiniuliza kuandika kunasaidia nini, humwambia aanzie hapo.

Na Kariuki, mjue, alitoka, akawa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, akaendelea kuongea juu ya ardhi na maskini, na Machi 1975 akauawa. Wakati huo hakukuwa na mkoloni tena. Soma kitabu ukijua hivyo, utakisoma tofauti.

Hapo ndipo ninamleta ndugu yetu wa Mombasa, maana mtu asije akadhani kufunga waandishi kuliisha na bendera ya Mwingereza kushushwa. Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wenu kabisa, alipoandika kijikaratasi mwaka wa 1968 kikiuliza Kenya inaenda wapi. Kenya: Twendapi? Hilo swali tu lilimpa kifungo cha miaka mitatu. Akiwa ndani alitunga mashairi, akayaandika kwa siri kwenye karatasi ya choo. Yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, Jomo Kenyatta yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Sijui kama aliyepanga tuzo alikuwa na utani au hakusoma.

Nitakuwa mkweli, Sauti ya Dhiki ni ngumu kwa sisi wa bara. Kiswahili chake ni Kimvita, na sisi hapa Nyeri tunasema "nimeenda nikakuja" na tunaelewana. Usikisome kama gazeti. Shairi moja kwa wiki, tena kwa sauti. Na kama unamjua mtu wa Mombasa mjini, mpigie simu akueleze maneno; atafurahi kukuonyesha kwamba anajua.

Ngũgĩ naye alifuata njia hiyo hiyo ya karatasi ya choo, Kamiti, mwaka wa 1978. Riwaya aliyoiandika humo iko kwa Kiswahili, Shetani Msalabani. Wengi mmeshasikia habari yake shuleni, kwa hivyo sikai hapo.

Malcolm X. Najua mlikuwa mnangoja hapa, kwa sababu picha yake iko kwa simu za nusu yenu. Lakini picha si kitabu. Wasifu wake, alioutunga na Alex Haley, ulitoka 1965, yeye akiwa ameshauawa. Watu wanapenda sura ya Hija, na ni sura nzuri. Mimi nakuelekeza kwa sura ya jela, pale anapogundua kwamba hajui maneno, hawezi hata kuandika barua vile anavyotaka. Anachukua kamusi na kuanza kuinakili kwa mkono, ukurasa wa kwanza mpaka mwisho. Anayeniambia kuwa hasomi kwa sababu Kiingereza chake ni kibovu, namrudisha kwa ukurasa huo.

Na kuna jambo moja la kwetu ndani ya habari hiyo. Malcolm alifika Kenya mwaka wa 1964. Aliuawa New York tarehe 21 Februari 1965. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Pio Gama Pinto akapigwa risasi Nairobi. Pinto, Mkenya wa asili ya Goa, naye alikuwa amezuiliwa Manda na mkoloni, kisiwa kile kile cha Gakaara.

Wangari Maathai hakuandikia jela, ingawa seli aliijua. Unbowed, 2006. Alizaliwa Ihithe, hapa hapa Nyeri, na kuna mahali anaeleza mkuyu ambao mamake alimkataza kuokota kuni zake, na kijito kilichokuwa karibu nao. Baadaye mti ukakatwa na kijito kikakauka. Dada zangu, hiki msikiazime kwa mtu, nunueni. Mtu aliyesimama mwaka wa 1989 kuzuia jumba la ghorofa sitini Uhuru Park anaeleza vile wanaume wazima bungeni walivyomcheka. Hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa barua, tena nyingi. Mnaona hizi barua zinarudi?

Na kile cha kesi ya Kimathi, Dedan Kimathi on Trial, kilichohaririwa na Julie MacArthur na kutoka 2017. Kesi ilisikizwa hapa Nyeri, Novemba 1956, na rekodi zake zilipotea machoni pa watu kwa miaka mingi. Ni kizito, kina maneno ya korti, lakini soma tu maswali na majibu. Shtaka lililomnyonga lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Basi.

Sasa swali langu. Kitabu chetu kiko wapi? Namaanisha cha Waislamu wa hii miji ya mlimani. Majengo ya Nyeri, Majengo ya Nanyuki, wazee waliokuja na biashara, wengine na jeshi, wengine Wakikuyu waliosilimu hapa hapa na majirani wakawashangaa. Kijana anaenda kutafuta kitambulisho, jina lake ni Abdi au Zainabu, anaulizwa babu yako alitoka wapi, kuna karatasi gani. Katiba, Kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za usajili. Vizuri. (Na Katiba ni kitabu pia, iko kwa Kiswahili, na Kifungu cha 49 kinachosema ufikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne unafaa kukijua kwa kichwa.) Lakini babu alifika mwaka gani? Nyumba yake ya kwanza ilikuwa mtaa gani? Jirani yake alikuwa nani? Hayo yote yako kwa vichwa vya wazee, na mwaka huu pekee tumezika watatu ninaowajua.

Kwa hivyo hizi ndizo kazi mbili. Chagua kitabu kimoja kati ya nilivyotaja; uliza kwanza maktaba ya umma hapa Nyeri mjini, na Nanyuki iko pia, kabla hujasema hela hakuna. Halafu nunua daftari la kawaida, lile la duka. Nenda kwa mzee mmoja, bibi au babu, baada ya Asr wakiwa wametulia. Usiulize "tueleze historia", atachoka. Uliza kuhusu nyumba, kazi, majirani, nani aliuza nini wapi. Andika tarehe ya siku mliyoongea juu ya ukurasa. Kama kuna picha au risiti ya zamani, ipige kwa simu na uirudishe hapo hapo.

Tutakutana tena baada ya wiki nne, kila mtu na daftari lake, hata kama lina ukurasa mmoja. Nakala ya Kariuki ninayo moja tu, na kurasa za mwisho zimeanza kutoka. Anayeitaka aandike jina lake kwa ile karatasi ya mlangoni, na tarehe atakayoirudisha.