Kutoka Chupa ya Maabara hadi Tangi la Hale: Tufadhili Nini katika Uhandisi Kemikali na Bayolojia?



Wajumbe mmenipa mada ya kusaidia ufundishaji na utafiti wa uhandisi kemikali na bayolojia katika vyuo vikuu. Naomba nianzie kwenye mkonge, maana kisa chake kinaonyesha vizuri fedha zetu zinafika wapi na zinakatikia wapi.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi, singa inayopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Makapi yote na maji yake makali yalikuwa yakimwagwa tu, yakaoza na kuchafua mito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Amelia Kivaisi na Anthony Mshandete, kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliyatazama makapi hayo kama chakula cha vijidudu vinavyozalisha methani. Mwaka 2004 walionyesha kuwa makapi ya mkonge yakichanganywa na mabaki ya samaki hutoa gesi nyingi zaidi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake: samaki analeta nitrojeni, mkonge unaleta kaboni. Mwaka 2006 wakachapisha matokeo mengine: mabaki ya singa yakikatwakatwa kutoka milimita 100 hadi 2, methani inaongezeka kwa asilimia 23 hivi.

Huko Hale, Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa bayogesi ya mkonge, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Kwa hiyo chupa ya maabara tunayo, na tangi la kiwandani tumeliona. Ninachotaka kukizungumza ni kile kinachopaswa kuwa katikati ya hivyo viwili.

Ukikuza tangi mara mbili kwa kila kipimo, ujazo wake unapanda mara 8 lakini eneo la kuta linapanda mara 4 tu. Hamira inayochachusha molasi hutoa joto. Katika chupa joto hilo linapotea lenyewe, katika tangi kubwa linaweza kubaki ndani na kuiua hamira. Bayogesi nayo ina vituko vyake. Singa ndefu hujisokota kwenye mhimili wa kikorogeo, nyingine huelea na kufanya utando mgumu juu. Ukilisha tangi haraka mno, bakteria wa asidi wanavitangulia vijidudu vya methani, pH inashuka, na gesi inakatika. Mwanafunzi anaweza kuandika haya yote kwenye mtihani akapata alama zote, na bado asilitambue tangi linaloanza kuchacha hadi limeshakufa.

Hawezi kulijifunza hilo kwenye chupa, na hakuna meneja wa kiwanda atakayemruhusu alijaribie kwenye mtambo wake. Anahitaji mtambo wa kati, wa lita mia kadhaa hadi elfu chache, ambao ameruhusiwa kuuharibu na kuamka kesho yake kuutengeneza. Mtambo huo una faida nyingine: leo wanabayolojia wako kitivo kimoja na wahandisi kingine, na wengi hukutana kwenye vikao tu. Tangi lililochacha litawakutanisha bila barua ya mkuu wa idara.

Wafadhili wametusaidia sana, na sitaki nionekane sina shukrani. Mpango wa BIO-EARN, ulioanza mwaka 1999 kwa fedha za Sweden, ulisomesha wataalamu wa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Uganda kwa mada zilizotokana na taka na mazao ya kwetu, nao ukafuatiwa na Bio-Innovate. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko kumpeleka kijana Ulaya akachunguze tatizo la Ulaya. Lakini tukubaliane kwamba mashine ya kuchambulia gesi hupendeza kwenye picha ya makabidhiano. Baada ya picha inahitaji heliamu, vipuri, umeme usioyumba, na fundi sanifu anayeijua. Kununua mashine bila kutenga fedha za hivyo ni kununua gari ukasahau kuwa linakunywa mafuta. Huyo fundi sanifu ndiye tunayemsahau kuliko wote: mhadhiri ana ngazi ya kupanda hadi uprofesa, yeye anazeeka pale pale au anahamia kiwandani.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, wenye viwanda mliomo humu mnajua: mwanafunzi anapoanza kukariri valvu ipi inafungukia wapi, muda wake umekwisha. Mwaka wa mwisho akae miezi sita, na apewe tatizo halisi la kiwanda, kwa mfano maji taka ya sukari au ya mkonge.

Ninapendekeza, basi, mtambo wa kati mmoja wa pamoja, ujengwe jirani na kiwanda chenye taka, si ndani ya uzio wa chuo, ili malighafi isisafirishwe na kuoza njiani. Kila ruzuku ya utafiti itenge sehemu maalumu ya vitendanishi, vipuri na mishahara ya mafundi sanifu, kwa miaka isiyopungua mitano baada ya vifaa kukabidhiwa. Mfadhili asiyekubali sharti hilo tumwombe atupe vifaa vichache zaidi.