Mifupa ya boti ya faiba



Wako watu huku pwani wanaoamini kwamba boti ya faiba haiozi. Chombo cha mbao, wanasema, hutaka kalafati, hutaka kupakwa sifa. Faiba ni kuosha na kutia rangi basi. Kuhusu ganda lenyewe, hawako mbali na ukweli. Boti hizi zilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, na yako maganda yaliyopita miaka 40 ambayo bado yanaelea.

Lakini ganda peke yake si boti. Chini ya sakafu wajenzi wengi waliweka mihimili, yaani mbao ndefu zilizolazwa kutoka omo kuelekea tezi, zikafunikwa kwa nyuzi za kioo na resini. Hiyo ndiyo inayolizuia ganda lisipinde kila likipigwa na wimbi, na penye injini ya ndani, ndiyo inayoibeba. Mbao hizo huoza. Maji hupenya kwenye tundu la skrubu ambalo halikuzibwa, yakakaa humo gizani miaka, na anayepaka rangi juu hana habari.

Kujua si kazi ngumu. Chukua nyundo ndogo, ugonge mhimili hatua kwa hatua. Penye ubao mzima hulia kavu. Penye ubao uliooza hulia bubu. Ukiwa na shaka, toboa tundu dogo kwa keekee. Unga ukitoka mkavu, shukuru Mungu, kisha zibe tundu lako. Ukitoka mweusi na majimaji, boti ipandishwe nchi kavu.

Linaloniudhi mimi ni ile dawa ya mkato: plaiwudi mpya juu ya mihimili iliyooza, rangi ya buluu, na tangazo la kuuza.

Matengenezo ya kweli yana taratibu zake. Ganda huegemezwa kwa nje, sehemu nyingi, kabla sakafu haijakatwa. Likilegea wakati mihimili imetolewa, mihimili mipya italifunga katika ukombo huo huo. Ndiyo maana fundi mwangalifu hutoa mmoja mmoja, akiisha kuandika urefu na kimo chake. Kisha ganda likauke, tena si kwa siku moja, na likwanguliwe mpaka kioo safi kionekane, kwani resini mpya haishiki juu ya mafuta wala rangi. Ubao mpya, uliokauka sawasawa, haukandamizwi juu ya ganda. Hulazwa juu ya resini nzito, na pembe zikaviringwa, maana nyuzi za kioo hazikubali kona kali. Matundu ya kupitisha maji ya ngama yapakwe resini hata ndani yake. Fundi akiyasahau hayo, atairudia kazi yote.

Naye avae barakoa ya kweli. Vumbi la kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na mvuke wa resini chini ya sitaha humlewesha mtu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Mwenye boti ya abiria atasema gharama ni kubwa. Ni kubwa kweli, hasa ya kazi ya mikono. Ila abiria aliyelipa nauli hawezi kufunua sakafu akagonge. Anayeweza ni mkaguzi, na cheti chake kisitolewe kwa boti kuukuu ambayo sakafu yake haikufunuliwa hata mahali pamoja.