Hotuba ya Karani wa Chama juu ya Kujifunza Udereva wa Malori



Kamati imeniagiza niseme juu ya vijana walioomba chama kiwalipie ada ya kujifunza kuendesha malori makubwa. Kazi hiyo ni njema. Toka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na mizigo ya Uganda na Rwanda nayo hupita njia hiyo. Dereva mwaminifu hulisha nyumba yake na nyumba ya baba yake.

Lakini nina neno la kuungama mbele yenu. Mdogo wangu alikuwa utingo miaka mitatu. Alijua kufunga turubai na kubadili gurudumu, nami nikadhani hayo yatosha. Nikampa fedha, akanunua leseni pasipo kufundishwa wala kujaribiwa. Mwezi wa pili, akitoka Kitale na shehena ya mahindi, aliteremka kuelekea Salgaa huku akikanyaga breki mfululizo, hata zikatoa moshi, zikakataa. Akaliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo. Alivunjika mguu, wala hakuua mtu. Hiyo ni rehema ya Mungu. Barabara hiyo hiyo, pale Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, wakafa watu 36.

Mwalimu wa kweli angalimfundisha kwamba gia nzito huingizwa kabla ya mteremko, si katikati yake, ili injini yenyewe ilizuie lori. Angalimfundisha pia kutazama geji ya hewa kila asubuhi, maana breki za lori kubwa hutegemea hewa. Tena, lori tupu na lori lililopakiwa si chombo kimoja.

Kwa hiyo nawasihi tukubali kulipa, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, fedha zipelekwe kwenye shule ya udereva, zisitiwe mkononi mwa kijana. Pili, kila atakayefuzu asafiri kwanza na dereva mzee, lori likiwa na mzigo, mpaka mzee huyo aje mbele ya Kamati kumshuhudia.

Mdogo wangu ameketi pale nyuma na mkongojo wake. Jina lake limo katika orodha ya waombaji, kwa kuwa ataka kuanza upya, tangu somo la kwanza. Safari hii sitamfupishia njia.