Mkono Mtulivu katika Motokaa ya Mbio



Watu wengi hudhani ya kuwa dereva hodari wa mashindano ni yule apiganaye na usukani na kukanyaga breki kwa kishindo. Sivyo. Jackie Stewart wa Uskoti, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1969, 1971 na 1973, alisifiwa kwa utulivu wake. Mwaka 1968, katika mvua na ukungu wa Nürburgring, Ujerumani ya Magharibi, njia yenye urefu wa karibu kilometa 23, aliwashinda wenzake kwa zaidi ya dakika nne.

Siri yenyewe ni hii. Motokaa hushika ardhi kwa matairi manne tu, na kila tairi hugusa njia kwa sehemu ndogo ipatayo kiganja cha mkono. Dereva akikanyaga breki, uzito huenda mbele. Akikanyaga mafuta, huenda nyuma. Akikata kona, huelekea upande wa nje. Uzito ukihama ghafula, tairi lililopunguziwa mzigo huteleza upesi.

Tena nguvu ya tairi ina kikomo. Tairi likitumia nguvu zake zote kwa breki, halina nguvu iliyobaki ya kugeuka. Kwa hiyo yampasa mwanafunzi afunge breki motokaa ingali imenyoka, kisha aiachilie polepole aingiapo kona. Ndipo azungushe usukani mara moja kwa utaratibu, pasipo kuutikisatikisa. Mafuta ayaongeze kidogo kidogo kadiri usukani unavyorudi kunyoka.

Macho nayo yatangulie: akifunga breki, atazame mahali pa kuingilia; akiingia, atazame mahali pa kutokea.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuingia kona kwa kasi mno, kisha kuogopa na kuachia mafuta ghafula. Hapo uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, na motokaa huzunguka kama pia. Hasara yaweza kuwa ya maisha. Afadhali kuingia polepole na kutoka upesi.

Mafunzo hayo hayaishii uwanjani. Dereva ateremkaye mlima wenye matope wakati wa masika, na abiria nyuma yake, huyahitaji zaidi, ijapokuwa hashindani na mtu. Basi mbio na zibaki katika uwanja wake. Utulivu na umfuate dereva katika kila njia.