Hangari ya Tajiri na Mlango wa Kisiwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa kazi na wakaaji wa mji)



Hangari mnaijua. Ni ile nyumba kubwa ya mabati tunamofungia mashini. Leo nitasema juu ya hangari ya namna nyingine: ile ambayo mtu mmoja anaijenga mbali, kwenye kisiwa katikati ya bahari, ili ndege yake mwenyewe ilale humo. Mtauliza: neno hilo linatugusa wapi, sisi watu wa mgodi? Sikilizeni kwanza, kisha mtahukumu.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ninyi ni watu wa mikono.

Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari unaibeba usiku na mchana. Ndege ikilala inje, chumvi inaingia katika viungo vyake na kuila. Ndiyo sababu ya hangari. Lakini hangari nayo ni ya chuma, na chumvi haichagui. Kwa hiyo chuma kinafunikwa kwa zinki. Fundi hakutanishi ovyo chuma na aluminiamu, kwa sababu mahali pa chumvi aluminiamu italiwa upesi. Mchanga wa pwani hautiwi katika betoni kabla ya kuoshwa kwa maji matamu. Ukitiwa hivi hivi, chumvi inafika mpaka kwenye vyuma vya ndani, vinashika kutu, na betoni inapasuka.

Adui wa pili ni upepo. Mlango wa hangari lazima uwe mpana kushinda mabawa ya ndege. Dhoruba ikiukuta wazi, upepo unaingia na kusukuma paa kutoka ndani. Basi nguzo zinafungwa katika misingi mizito. Na simenti, na mabati, na bolti, vyote vinafika kwa chombo cha bahari. Bolti zikisahauliwa, fundi anaweza kukaa bure kungoja safari nyingine.

Hivyo mnaona: mali inatoka kwa tajiri, lakini nyumba inasimama kwa mikono ya watu wa kazi. Nami sina wivu na ndege ya mtu. Ninauliza jambo moja tu: mlango wa kisiwa ni wa nani?

Nitawaonyesha kisiwa kimoja. Kinaitwa Lanai, katika visiwa vya Hawaii, inchi ya Marekani. Wakaaji wake ni zaidi ya 3,000. Mwaka 1922 James Dole alikinunua karibu chote, akapanda mananasi. Kompani yake ikajenga mji kwa ajili ya watu wa kazi, wengi wao kutoka Japani na Ufilipino. Nyumba ni za kompani, duka ni la kompani, kazi ni ya kompani. Wazee wetu waliokaa katika makambi ya Union Minière hawahitaji kuelezwa maisha hayo.

Mwaka 1951 watu wa mananasi wa Lanai waliweka vyombo chini. Waligoma karibu miezi saba, wakapata nyongeza ya mshahara. Lakini kisiwa kilibaki mkononi mwa wenye mali. Mwaka 1992 kilimo kile cha mananasi kilikwisha, na watu wakabaki na hoteli za watalii. Mwaka 2012 Larry Ellison, tajiri wa mashini za kuhesabu, alinunua sehemu 98 katika 100 za kisiwa. Mtu mmoja akawa mwenye ardhi, mwenye hoteli, mwenye nyumba nyingi ambamo watu wa kazi wanalala.

Sasa tazameni kiwanja cha ndege. Hicho hakikuuzwa. Ni cha serikali ya jimbo la Hawaii. Mtu anayetaka kujenga hangari juu ya ardhi ya namna hiyo hajiamulii peke yake: lazima aombe ruhusa na alipe kodi ya ardhi. Na hata akijenga, njia ya ndege kuruka na kutua inabaki ya watu wote. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini halitoshi. Mwaka 2013 Ellison alinunua pia shirika la ndege la Island Air, lililokuwa likibeba watu kati ya visiwa. Mwaka 2016 aliuza sehemu kubwa, na mwezi wa Novemba 2017 shirika lile likafa. Mwaka 2021 shirika lingine likaacha safari za Lanai. Umma ukabaki na ndege ndogo zenye viti 9. Na pale hospitali ni ndogo. Mwenye ugonjwa mkubwa anapelekwa kisiwa kingine. Mwenye ndege yake anaondoka saa anayotaka. Mama mwenye mtoto mgonjwa anahesabu viti.

Wandugu, kiwanja kilikuwa cha umma, lakini chombo cha kusafiria kilikuwa cha mfanyabiashara. Mlango uko wazi, na hakuna gari la kutokea.

Mtasema sisi hatukai kisiwani. Ninawauliza: mji wa mgodi ni nini? Ukiwa nyumba ni ya kompani, shule ni ya kompani, dawa ni ya kompani, na barabara inapita katika kizuizi cha kompani, je, hamkuzungukwa na maji? Siku shimo linapofungwa, ndipo mtu anajua kama alikuwa mkaaji au mgeni.

Kwa hiyo, wakati wowote mtu mkubwa anakuja na karatasi ya kujenga hangari, bandari, au barabara yake mwenyewe, msipige makofi upesi, wala msipige kelele bure. Ulizeni maneno matatu. Ardhi inabaki ya nani? Nani atapita hapo pamoja naye? Na siku atakapochoka na kuondoka, sisi tutatokea wapi?

Majibu yaandikwe na yatiwe sahihi kabla simenti haijashuka. Betoni ikisha kukauka, maneno hayaingii tena.

Nimemaliza.