Matongo Yetu na Mashamba ya Engaruka



Kijiji cha kale kilichohamwa, kikabaki pamoja na mashamba yake, nchini mwetu kinaonekana vizuri zaidi Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kuna hekta zipatazo 2,000 zilizogawanywa kwa mistari ya mawe na kupitiwa na mifereji, na mteremkoni juu yake makazi yaliyojengwa kwa ngazi za mawe. Watu waliishi na kulima mtama hapo tangu karne ya 15 hadi ya 18. Mjiolojia Hans Reck alipaona 1913, mwanaakiolojia Louis Leakey akafuata 1935. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton alichunguza mifereji kwa makini. Mwenzao Daryl Stump naye alipochimba ndani ya mashamba yenyewe, alikuta jambo linalonisisimua hadi leo: sehemu ya udongo ule ilitengenezwa. Wakulima walijenga kuta fupi, wakaelekeza maji ya mto yenye tope, tope likatua nyuma ya ukuta, wakaongeza ukuta, tope likapanda tena.

Kwa nini walihama? Wapo wanaosema ardhi ilichoka. Mimi naegemea maji, kwa sababu mji mzima ulitegemea vijito vichache vya mlimani, na vikipungua hapakuwa na pa kukimbilia.

Sasa turudi huku kwetu Nzega. Mnyamwezi alijenga kwa miti, udongo na nyasi, na mchwa hawaachi nguzo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta vijiji vilivyozungushiwa ua wa minyaa. Maboma hayo hayapo tena. Wengi wakaamua kwamba huku hakuna cha kuchimba, na uamuzi huo nauona kuwa dhuluma kwa wakulima wa magharibi. Sakafu iliyoungua hubaki. Vigae hubaki, na mawe ya kusagia, na mavi ya chuma. Zizi la ng'ombe huacha fosforasi ardhini kwa mamia ya miaka, nayo hupimika maabara. Mkaa wa jikoni hutoa tarehe.

Tongo moja la huku, yaani mahali palipohamwa, laweza kubeba zama kadhaa: vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, kuanzia 1871, sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890, pori na mbung'o vilivyofuata mashamba yalipoachwa, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliyohamisha watu. Hapo ndipo sheria inapotuacha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la enzi za Mirambo, kwa miaka michache tu, hubaki nje mpaka waziri alitangaze.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri za vijiji. Mnapoandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, waiteni wazee watembee nanyi, waonyeshe palipokuwa na ikulu ya mtemi, palipokuwa na zizi, safu ya minyaa ya zamani iliko. Yachoreni matongo kwenye ramani ya kijiji, kama mnavyochora malisho na visima, kabla trekta halijapita. Wanafunzi wa akiolojia wakija wataanzia kwenye ramani hiyo.