Wageni wa Lambo

(Hotuba aliyoitoa mwanafunzi wa zamani, sasa mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka hapa Nassa)



Nimeombwa niseme juu ya faida ya elimu. Kwa ruhusa yenu, nitasema juu ya ndege.

Tuliosoma hapa miaka ya 1990 tunalikumbuka lile lambo la ng'ombe upande wa mbugani. Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa wakati wa mkoloni, katika mpango wa maendeleo ulioanza mwaka 1947, ili mifugo ipate maji. Ndege hawakufikiriwa. Hata hivyo, mvua za Novemba zikianza walifika: mbayuwayu, na korongo weupe wenye miguu mirefu myekundu. Sisi tuliwangoja na manati.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitukuta, akatukalisha chini. Alitueleza kwamba mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mshale wa Kiafrika shingoni. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Zamani wako wasomi wa Ulaya waliodai kuwa wakati wa baridi ndege hulala chini ya maji. Jibu lililetwa na mshale wa mwindaji ambaye jina lake hatulijui.

Korongo hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, kwa hiyo wale wa Ulaya Mashariki huzunguka kupitia Uturuki na Sinai, kisha hufuata Nile. Wakifika kwetu hula panzi na viwavijeshi, maadui wa mtama na mahindi yetu.

Ndugu zangu, nina deni. Nilipokuwa afisa kijana niliulizwa kama kulima hadi ukingoni mwa lambo kuna madhara. Nilijua, shahada nilikuwa nayo. Nilinyamaza, kwa kuwa waliolima walikuwa jamaa zangu. Mvua zikashusha udongo, lambo likajaa tope. Novemba iliyopita nilikaa pale tangu alfajiri mpaka saa nne. Nilihesabu korongo saba, wamesimama katika dimbwi lisilozidi uwanja wa netiboli. Ng'ombe nao walikuwa wanangoja zamu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye bwawa. Naomba mita hizo zipandwe majani na miti. Miche ya kwanza nitainunua mimi. Jamaa zangu nimekwisha zungumza nao. Wawili wamekubali, mmoja bado ameninunia.

Nanyi wanafunzi, wekeni daftari moja. Kila mwaka andikeni siku korongo wa kwanza alipotua, na idadi yao. Mwindaji yule alipeleka habari Ulaya bila kujua. Ninyi mnajua.